Kati ya dini na ukanamungu, kipi kimemwaga damu zaidi? Twende na ushahidi

#1 Swali Gumu

Salaam wakuu.

Mjadala huu umeshapigwa sana lakini kila mara unaishia njiani. Mmoja anataja Vita vya Msalaba, mwingine anamrudishia Stalin, wa tatu anatupia Mao, kisha matusi, kisha uzi unafungwa. Safari hii naomba tubishane kwa hoja.

Dai langu: imani ya dini inabeba lawama kubwa zaidi kuliko ukanamungu, na sisemi hivyo kwa kuhesabu maiti. Dini inampa muuaji kitu ambacho mkanamungu hana pa kukipata, nacho ni ruhusa kutoka juu. Julai 1099 wapiganaji wa msalaba walipoingia Yerusalemu waliwachinja Waislamu na Wayahudi, kisha wakaenda kushukuru kwenye Kanisa la Kaburi Takatifu. Agosti 1572 Wakatoliki wa Paris waliwaua majirani zao Waprotestanti, na habari zilipofika Roma Papa Gregory wa 13 akaamuru uimbwe wimbo wa shukrani. Machi 1995 wafuasi wa Aum Shinrikyo, kikundi cha dini cha Japani, waliachia gesi ya sarin kwenye treni za Tokyo wakiwa watu wasomi kabisa, wanasayansi na daktari ndani yao. Agosti 2014 kule Sinjar, ISIS waliwakamata wanawake wa Kiyazidi, watu wa dini ndogo ya Iraq, na wakatoa maandishi ya kueleza kwa nini kuwafanya watumwa ni halali.

Anayeua akijua anakosea, ipo siku nafsi itamsuta. Anayeua akiamini yuko ibadani atasutwa na nini?

Karibuni.

#2 Mpita Njia

Nimeshachukua kiti cha mbele. Ngoja waje wenye vitabu vyao.

#3 Jiwe la Pembeni

Mkuu, umeruka sehemu nzito kuliko zote. Karne ya 20 ndipo serikali ziliposhika nchi nzima zikiwa na sera rasmi ya kuifuta dini, na matokeo yako wazi. Umoja wa Kisovieti ulikuwa na Jumuiya ya Wakanamungu Wapiganaji tangu 1925. Tarehe 5 Desemba 1931 Kanisa Kuu la Kristo Mwokozi pale Moscow lililipuliwa kwa baruti mchana kweupe. Mwaka 1937 na 1938 peke yake, kumbukumbu za polisi wa siri wenyewe zinaonyesha watu 681,692 waliohukumiwa kupigwa risasi. Albania ilifunga makanisa na misikiti yote mwaka 1967, na padri mzee Shtjefën Kurti akaja kupigwa risasi baada ya kubatiza mtoto kwa siri. Kambodia kati ya 1975 na 1979 watawa wa Kibudha walivuliwa mavazi yao, Waislamu wa kabila la Cham wakalazimishwa kula nguruwe, na watu kati ya milioni 1.5 na milioni 2 wakafa.

Unasema mkanamungu hana ruhusa kutoka juu. Sawa. Lakini pia hana wa kumuogopa huko juu.

#4 Kalamu Nyekundu

Mimi siamini Mungu, naliweka hilo mezani mapema.

Jiwe la Pembeni, hiyo 681,692 ni takwimu sahihi, lakini angalia ni kina nani. Wengi walikuwa wakulima waliobandikwa jina la kulaki, yaani mkulima tajiri, Wapoland na makabila mengine madogo waliotiliwa shaka mipakani, na wanachama wa chama wenyewe, ambao walikuwa wakanamungu kama waliowaua. Huwezi kuniambia mkanamungu alimpiga risasi mkanamungu mwenzake kwa sababu ya ukanamungu.

Kutoamini hakutoi amri. Hakuna sura wala aya inayosema nenda kaue. Amri zilitoka kwa chama kilichoamini kinaijua historia inakokwenda na kwamba anayekizuia hana haki ya kuishi. Halafu mtu akumbuke Septemba 1943: Stalin huyohuyo aliwaita maaskofu wa Kiorthodoksi Ikulu usiku, akawaruhusu kumchagua Patriaki, mkuu wa kanisa lao, kwa sababu vita na Ujerumani vilikuwa vimembana na alihitaji watu wapigane. Mtu anayeongozwa na chuki ya Mungu hafanyi hivyo. Anayeongozwa na madaraka anafanya.

#5 Jiwe la Pembeni

Amri namba 00447 ya Julai 1937, ile iliyofungua yale mauaji, iliwataja watu wa kanisa na wa madhehebu miongoni mwa walengwa. Haikuwa bahati mbaya. Usiwafute mapadri kwenye orodha kwa sababu wakulima walikuwa wengi kuliko wao.

#6 Mzee wa Kumbukumbu

Vijana mnavutana kamba huku hamjapima kitu. Ipo ensaiklopidia ya vita ya Charles Phillips na Alan Axelrod, iliyoorodhesha vita 1,763 tangu zama za kale. Vilivyowekwa kwenye fungu la vita vya dini ni 123. Hiyo ni chini ya asilimia 7. Vilivyobaki ni ardhi, mifugo, maji, biashara, viti vya enzi, kisasi.

Na hata hivyo 123 ukivichimba unakuta mambo. Vita vya Miaka Thelathini, 1618 hadi 1648, kila kitabu kinaviita vita vya Wakatoliki na Waprotestanti. Ufaransa ilikuwa nchi ya Kikatoliki na aliyekuwa akiendesha siasa zake alikuwa Kardinali Richelieu, mtu wa kanisa hasa. Mwaka 1635 akaiingiza vitani upande wa Sweden ya Waprotestanti dhidi ya wafalme wa Habsburg waliokuwa Wakatoliki wenzake, kwa sababu Habsburg walikuwa wameizunguka Ufaransa pande zote. Sasa hapo dini iko wapi?

#7 Bint Hekima

Shikamoo Mzee wa Kumbukumbu. Kwa heshima yote, hiyo asilimia 7 inapotosha, na imezungushwa mitandaoni kwa miaka bila kuhojiwa. Inahesabu vita, haihesabu watu. Ugomvi wa mpaka uliodumu wiki moja unapewa mstari mmoja, na uasi wa Taiping nao mstari mmoja.

Taiping, China, 1850 hadi 1864. Hong Xiuquan alifeli mitihani ya kuingia utumishi wa serikali mara kadhaa, akaugua, akaona maono, baadaye akasoma vijitabu vya Kikristo akahitimisha kwamba yeye ni mdogo wake Yesu. Akaanzisha Ufalme wa Mbinguni, akaiteka Nanjing mwaka 1853 na kuifanya makao yake makuu. Waliokufa wanakadiriwa milioni 20 hadi 30, kwa vita, njaa na magonjwa. Mstari mmoja huo kwenye orodha yako.

Tena ni nani aliyekaa akaamua kipi ni cha dini na kipi si cha dini? Zamani mfalme alikuwa mungu au kivuli cha mungu. Ukimuuliza Farao kama anapigania ardhi au miungu, swali lenyewe asingelielewa.

#8 Mpita Njia

Mzee wa Kumbukumbu leo umepata mwenzako. Naomba asikimbie mtu.

#9 Mzee wa Kumbukumbu

Marahaba binti. Sikimbii, nipo.

Hong alipata wapi watu? China ilikuwa imetoka kupigwa na Uingereza kwenye vita vya kasumba vilivyoisha 1842, kodi zilikuwa juu, njaa kila upande, na kule kusini Wahakka walikuwa wakigombana na wenyeji wao juu ya mashamba. Hong mwenyewe alikuwa Mhakka. Maono yale angeyaona wakati wa shibe, angebaki mwalimu wa kijijini anayesemwa kwamba hayuko sawa.

Maji Maji nayo ni hivyohivyo. Mwaka 1905 Kinjekitile Ngwale alitoa dawa ya maji ya kugeuza risasi kuwa maji. Watu waliiamini wakaenda mbele ya bunduki za Wajerumani. Lakini kilichowainua ni kulimishwa pamba kwa lazima, kodi na viboko. Imani iliunganisha makabila ambayo hayakuwa na desturi ya kupigana pamoja, na hiyo ni kazi kubwa, siibezi. Na wengi waliokufa kule walikufa kwa njaa, baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala ya chakula. Hiyo njaa utaiandika kwenye daftari la nani?

#10 Kijana wa Juzi

Swali la haraka kwa wote. Hitler tumweke upande gani? Maana kila upande unamsukumia mwenzake.

#11 Kalamu Nyekundu

Alibatizwa Mkatoliki na hakuwahi kujitoa rasmi kanisani. Wanajeshi wa Ujerumani walivaa mikanda iliyoandikwa kwamba Mungu yuko pamoja nao. Sensa ya Ujerumani ya 1939 inaonyesha zaidi ya asilimia 90 ya watu walijiandikisha kuwa Waprotestanti au Wakatoliki, na waliosema hawana imani yoyote walikuwa kama asilimia 1.5. Himmler, mkuu wa kikosi cha SS cha Nazi, hakutaka wakanamungu ndani yake. Mimi huyo simpokei kwangu.

#12 Jiwe la Pembeni

Mkanda wa jeshi ulikuwepo tangu enzi za Kaiser, Hitler aliukuta. Mbona husemi kambi ya Dachau ilifunga mapadri na wachungaji zaidi ya 2,500, wengi wao Wapoland? Mashahidi wa Yehova waliuawa kwa kukataa kubeba silaha. Kama ule ulikuwa utawala wa kidini, dini yenyewe iliutambua kama adui.

#13 Bint Hekima

Wote wawili mnachagua. Itikadi ya Nazi ilikuwa ya damu na rangi. Myahudi aliyebatizwa na kwenda kanisani kila Jumapili alipelekwa kambini vilevile, kwa hiyo hawakuwa wakitafuta imani ya mtu. Lakini kuwachukia Wayahudi hakukuanza mwaka 1933. Martin Luther mwaka 1543 aliandika kwamba masinagogi yachomwe na nyumba zao zibomolewe. Karne nne baadaye wanakuja watu wasiojali Biblia hata kidogo, wanakuta chuki iko tayari.

#14 Sajini Mstaafu

Habari za humu. Huwa nasoma tu, leo niseme kidogo.

Nilikuwa kwenye kikosi cha kulinda amani, nchi siitaji. Mapigano yale kwenye redio za kimataifa yaliitwa ya kidini, huku Waislamu, kule Wakristo. Tuliwapokea waliosalimisha silaha na kazi yangu ilikuwa kuandika majina. Alikuja kijana mmoja, ndevu hazijaota vizuri, magazini ya bunduki yake kaizungushia rozari mpaka huoni chuma. Kuitoa alishindwa, mafundo yalikuwa yamekazana kwa jasho na vumbi, ikabidi nimpe kisu akate uzi, akaziokota shanga moja moja akazitia mfukoni. Nikamuuliza kwa nini aliingia msituni. Akaniambia jina la aliyemuua kaka yake. Akaniambia na wapi, na saa ngapi. Hakumtaja Mungu hata mara moja.

Wa upande wa pili walikuja na hirizi zimeshonwa kwenye mikono ya mashati. Walipoulizwa, majibu yaleyale: kaka, baba, ng'ombe, nyumba imechomwa.

Kwa nilivyoona, Mungu walikuwa wakimuomba awalinde wasife. Sababu ya kuua walikuwa nayo kabla.

#15 Mpita Njia

Sajini heshima kwako. Hii nimeirudia kuisoma.

#16 Nimetoka Kimya

Naheshimu ushuhuda wa Sajini lakini na mimi nina wangu, na hauendi huko.

Niliacha kuamini nikiwa mtu mzima. Dini nisiyoitaja, maana najua mtaanza kurushiana. Nilimwambia dada yangu, dada akamwambia mama, kikaitwa kikao. Baba mdogo, mtu aliyenifundisha kuendesha baiskeli na kunilipia ada baba alipoumwa, alisema mbele ya watu wazima wote kwamba kwa mujibu wa dini damu yangu haina thamani tena. Hakupandisha sauti. Hakuna aliyempinga. Mama alikuwa anakunjua na kukunja ncha ya khanga yake.

Baba mdogo hakuwa na kaka aliyeuawa. Hakuwa na shamba la kugombania na mimi. Kama siyo kile anachokiamini, asingeyasema maneno yale, kwa sababu ananipenda mpaka leo, najua.

Bangladesh kati ya 2013 na 2016 waandishi wa blogu wasioamini walikatwa mapanga mmoja baada ya mwingine, Avijit Roy alikatwa Februari 2015 akitoka kwenye maonyesho ya vitabu akiwa na mkewe. Nigeria, Mubarak Bala alikamatwa 2020 kwa alichoandika mtandaoni, akahukumiwa miaka 24 mwaka 2022 kabla rufaa haijaipunguza. Niambieni ardhi iliyokuwa inagombaniwa hapo.

#17 Jiwe la Pembeni

Pole sana dada. Alichokisema baba yako mdogo ni kibaya na sitakitafutia pazia.

Ila ungezaliwa Urusi miaka ya 60 ungekuwa na kikao kama hicho kwa kosa la kuamini. Wapo waumini waliofungiwa hospitali za wagonjwa wa akili kwa sababu madaktari wa serikali waliandika kwamba kumwamini Mungu kiasi kile ni ugonjwa. Nilichojifunza mimi ni kwamba anayekaa pembeni na wengi ndiye anayeumia, awe muumini au asiwe.

#18 Nimetoka Kimya

Asante kwa pole. Lakini aliyefungiwa hospitali alifungwa na serikali, na serikali ile imeanguka. Mimi nilihukumiwa na watu wa nyumbani, na hilo halianguki kwa mapinduzi.

#19 Takwimu Tupu

Naomba nilete utafiti mmoja unaogusa alichosema Sajini na alichosema Nimetoka Kimya.

Mwaka 2009 Jeremy Ginges, Ian Hansen na Ara Norenzayan walichapisha kazi yao kuhusu nani anaunga mkono mashambulizi ya kujitoa mhanga. Waliwauliza Wapalestina mambo mawili tofauti: unasali mara ngapi, na unahudhuria msikitini mara ngapi. Kusali sana hakukuhusiana na kuunga mkono mashambulizi. Kuhudhuria kulihusiana. Walipokwenda kwa walowezi wa Kiyahudi wakakuta mwelekeo wa namna hiyohiyo: waliokumbushwa habari za kwenda sinagogi walikuwa tayari zaidi kuliona shambulio dhidi ya Waislamu kuwa la kishujaa, kuliko waliokumbushwa habari za kumwomba Mungu.

Kwa hiyo mtu na Mungu wake chumbani ni kitu kimoja. Watu waliokusanyika, wakasimama pamoja, wakainama pamoja, wakajuana nani wetu na nani si wetu, ni kitu kingine. Na mikusanyiko ya chama kule Moscow au Beijing ilikuwa na wimbo wake, picha zake na siku zake kuu.

Utafiti mwingine ni wa 2017, nchi 13, watu zaidi ya 3,000. Walisimuliwa habari za mtu anayeua watu mfululizo. Watu walikuwa na wepesi kama mara mbili zaidi wa kumdhania kuwa mkanamungu kuliko muumini. Hata wakanamungu wenyewe walidhani hivyo. Kwa hiyo kabla hatujaanza kubishana, mizani tayari imelala upande mmoja vichwani mwetu.

#20 Mtumishi wa Bwana

Ndugu zangu, haya yote yalitabiriwa. Mrudieni Mungu siku zingali zipo.

#21 Kijana wa Juzi

Amina mtumishi, lakini hujajibu mada. Swali ni nani kaua zaidi.

Na mimi nina la kwangu kwa Swali Gumu. Tamil Tigers wa Sri Lanka walikuwa wapigania taifa lao, si kundi la kidini, na walikuwa miongoni mwa waliotumia sana mabomu ya kujitoa mhanga wakati wao. Aliyemuua Rajiv Gandhi, waziri mkuu wa zamani wa India, Mei 1991 alikuwa mwanamke aliyejifunga bomu kiunoni. Hakuahidiwa pepo. Ile ruhusa kutoka juu aliipata wapi?

#22 Bint Hekima

Kijana wa Juzi leo umeamka vizuri.

Mimi naona kuna kesi ambayo wote mnaizunguka, Rwanda 1994. Takribani watu 800,000 kwa siku 100 hivi, nchi ambayo karibu wote walikuwa Wakristo. Haikuwa vita ya dini, maana muuaji na aliyeuawa walikuwa wakikaa benchi moja la kanisa. Watu walikimbilia Ntarama, Nyamata, Nyarubuye wakiamini nyumba ya Mungu haitaguswa, na makanisa yakawa sehemu za kuulia. Kule Nyange, parokia ya padri Athanase Seromba, kanisa liliangushwa kwa tingatinga juu ya watu zaidi ya 1,500 waliokuwa ndani. Mahakama ya Arusha ilimtia hatiani, na rufaani mwaka 2008 akapewa kifungo cha maisha. Machi 2017 Papa Francis akaomba msamaha kwa dhambi za kanisa na watu wake.

Dini haikuyaanzisha yale mauaji. Lakini baada ya karibu karne nzima ya mahubiri, ubatizo na shule za misheni, ilipofika asubuhi ya kuhitajika, kwa wengi haikuzuia kitu. Mimi hilo linanisumbua kuliko Vita vya Msalaba. Wapo waliokataa, wapo mapadri waliokufa na waumini wao, na Waislamu wa Rwanda wengi waliwaficha watu. Ni nini kiliwafanya hao wawe tofauti, wakati wote walikuwa na Mungu?

#23 Jiwe la Pembeni

Swali zuri na sina jibu jepesi. Labda kwa sababu Waislamu wale walikuwa wachache. Jamii ndogo iliyozoea kusukumwa pembeni haikuwa na kiti serikalini cha kukilinda. Kanisa lilikuwa limekaa karibu mno na ikulu.

Lakini mkihesabu ubaya hesabuni na upande wa pili. Liberia 2003, Leymah Gbowee aliwakusanya wanawake Wakristo na Waislamu wakavaa nyeupe, wakasali na kufunga hadharani, wakawafuata wakubwa mpaka Ghana kwenye mazungumzo ya amani na kuwazuia wasitoke ukumbini. Abdul Ghaffar Khan miaka ya 1930 alikusanya maelfu ya Wapashtuni wa India ya enzi za Waingereza, watu wanaosifiwa kwa silaha na visasi, wakala kiapo cha Kiislamu cha kutomdhuru mtu. Waingereza waliwapiga risasi Peshawar Aprili 1930 na hawakurudisha mapigo. Ruhusa kutoka juu inafanya kazi na huko pia, Swali Gumu.

#24 Kijana wa Juzi

Mbona nchi za Skandinavia na Japani, ambako watu wengi hawana habari na ibada, mauaji ni machache kabisa? Na Amerika ya Kati ambako makanisa yanajaa, mauaji yamekuwa juu miaka mingi?

#25 Takwimu Tupu

Umechanganya mambo, mkuu. Chukua El Salvador. Mwaka 2015 ilikuwa na mauaji zaidi ya 100 kwa kila watu 100,000. Mwaka 2023, kwa takwimu rasmi, chini ya 3. Ndani ya miaka minane watu hawakuongeza wala kupunguza imani yao kiasi hicho. Kilichobadilika ni serikali kuwafunga makumi ya maelfu ya watu, kwa njia zinazolaumiwa na watetezi wa haki za binadamu. Sweden nayo ilikuwa imeshatulia wakati watu wake bado wanajaza makanisa. Kwanza vikaja usalama na hospitali, watu wakaacha kwenda kanisani baadaye.

#26 Swali Gumu

Nimesoma yote, asanteni.

Nabaki nilipo, na nawajibu wawili. Kijana wa Juzi, dada wa Tamil Tigers alipewa kitu kikubwa kuliko nafsi yake, taifa, na viongozi wake waliwafanyia waliokufa makaburi ya heshima na siku ya kumbukumbu kila Novemba. Walikuwa wameazima vyombo vya dini. Sajini, huyo kijana wako rozari hakuifunga kwenye begi wala shingoni. Aliizungushia magazini, pale risasi zinapotokea. Unasema ilikuwa ya kujilinda asife. Mimi nasoma kwamba alihitaji Mungu awe hapohapo wakati anafyatua.

#27 Sajini Mstaafu

Inawezekana. Sikumuuliza rozari aliifunga lini. Kama aliifunga kabla ya kwenda msituni ni habari moja, kama aliifunga baada ya kuua mara ya kwanza ni habari nyingine.

#28 Mgeni wa Usiku

Jamani sijaona mtu kaitaja 1915. Waarmenia wa dola ya Osmani, waliokufa wanakadiriwa kati ya 600,000 na milioni 1.5. Waliopanga, Talat na wenzake wa Kamati ya Umoja na Maendeleo, hawakuongozwa na dini, walikuwa wanasiasa wa kisasa waliotaka taifa la Waturuki. Lakini waliochaguliwa kufa walichaguliwa kwa kuwa Wakristo, na wanawake na watoto wengi waliokolewa kwa kusilimishwa na kuingizwa kwenye nyumba za Waislamu. Mpangaji haongozwi na dini, orodha yake ni ya kidini. Hawa mnawaweka wapi?

#29 Jiwe la Pembeni

Kalamu Nyekundu, hao ni wako.

#30 Kalamu Nyekundu

Wangu kivipi? Novemba 1914 dola hiyohiyo ilitangaza jihadi, fatwa zikasomwa hadharani Istanbul, huku ikiwa imeungana na Ujerumani na Austria, nchi za Kikristo. Fatwa ilitoka kwa wanazuoni, amri ya kuwahamisha Waarmenia ilitoka kwa maofisa wa wizara ya mambo ya ndani. Nionyeshe mmoja aliyeishambulia misafara ya waliohamishwa kule jangwa la Syria, kisha uniambie alikuwa akitii karatasi ipi kati ya hizo mbili.

#31 Mzee wa Kumbukumbu

Wengi wao hawakuwa na haja ya karatasi. Misafara ilivamiwa kwa ajili ya nguo, dhahabu na wanawake. Nyumba na mashamba yaliyobaki nyuma yalitungiwa sheria yake mwaka huohuo wa 1915, ikiyaita mali zilizoachwa, na kuna waliohamia kwenye nyumba hizo. Bint Hekima, kesho nitakuletea habari za hiyo sheria tuanzie hapo.

#32 Bint Hekima

Nakusubiri. Lete na majina ya waliokataa kutekeleza ile amri ya kuwahamisha, maana Celal Bey, gavana wa Aleppo kisha Konya, alikataa, na alikuwa Mwislamu na ofisa wa dola kwa wakati mmoja.